Gari Linalokunywa Samli

Jumatatu, 4 Januari

Barua imefika! Kannu ameitwa! Shule ya ukuta wa njano, ng'ambo ya mto Yamuna. Watoto ishirini na wawili wameitwa, viti vilivyobaki ni kumi na kimoja. Kura itapigwa mbele ya wazazi. Mtoto awepo, baba awepo, mama awepo, vyeti halisi viwepo. Kabla ya kura kila jina litaitwa mara tatu. Asiyeitika, jina lake halitiwi kwenye chupa.

Nimeisoma mara nne kwa furaha. Mara ya tano nikaiona tarehe. Alhamisi, 14 Januari, saa tano asubuhi.

Kumi na nne! Shufwa! Na namba ya gari letu inaishia na saba.

Wiki hizi mbili Delhi nzima inahesabu kama darasa la kwanza. Tarehe witiri, magari ya namba witiri. Tarehe shufwa, ya namba shufwa. Tangu saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, Jumapili tu ndiyo huru. Hewa imechafuka, serikali inataka tupumue. Sawa. Mimi ni nani nikatae kupumua? Lakini ndiyo siku hiyo hiyo?

Baba Kannu akasema twende na treni ya mjini, dakika ishirini na tano. Hakuinua hata macho kutoka kwenye chai. Nikamkumbusha ile siku Kannu alipotapika ndani ya treni, juu ya viatu vya mzee wa watu aliyekuwa anakwenda harusini. Akasema basi tutoke alfajiri, kabla ya saa mbili. Alfajiri! Katika ukungu ule! Tukasimame nje ya geti kwa muda wa saa tatu nzima, kifua cha mtoto kianze kupiga filimbi, mwalimu mkuu aangalie dirishani aseme huyo mgonjwa ni wa nani.

Kannu ana miaka mitatu na nusu. Kila baridi anapiga filimbi. Nikikosa shule hii, inayofuata iko kando ya barabara ya malori. Akasomee hapo, na mapafu yale!

Mafuta ya nazi ya nywele yameganda tena ndani ya chupa. Nimeyaanika darini, juani. Jua lenyewe kama limekopeshwa.

Jumanne, 5 Januari

Tanmay naye ameitwa. Ndiye mtoto wa jirani wa ghorofa ya chini. Shule hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Nilijua tu!

Mama Tanmay kanisimamisha kwenye ngazi. Anang'aa. Gari lao lina stika ya gesi, na magari ya gesi hayahesabiwi, hutembea siku zote. Akasema, "Mama Kannu, shoga yangu, nafasi ipo. Njooni twende wote, watoto watachezacheza njiani." Nikamshukuru. Nikasema tumeshajipanga.

Hatujajipanga chochote. Lakini nani hupanda gari la mshindani siku ya mashindano? Na mimi najua siri yake. Foleni ya gesi ni ndefu, kwa hiyo tanki lile halijaonja gesi tangu Septemba. Gari linakwenda kwa petroli, stika ya gesi iko kioo cha mbele. Nimelinusa mwenyewe, nikijifanya nafunga kamba ya kiatu cha Kannu.

Halafu tangazo jingine redioni. Mwanamke anayeendesha mwenyewe, akiwa na watoto wadogo, anaruhusiwa siku yoyote. Nikaruka! Mwanamke ni mimi. Mtoto ninaye. Gari lipo. Leseni sina. Nilijaribiwa mara mbili. Mara ya pili niligonga pipa, na mpimaji alikuwa amelikalia.

Mama mkwe kasema siku ile ningejifunza breki badala ya kujifunza kulia, leo tungekuwa watu.

Kannu ametaka biskuti ya tatu. Nimekataa. Amelala chini akapiga miguu. Nimekaa karibu naye, nimemshika kisigino, sikutoa biskuti. Tumeshindana nusu saa. Nimeshinda. Nikaingia jikoni nikaila mimi.

Alhamisi, 7 Januari

NIMEPATA!

Ilikuwa asubuhi, saa ya sala. Mama mkwe aliwasha taa mbele ya miungu. Samli ilikuwa imekwisha, nikamtilia mafuta ya haradali. Akaniita kwa sauti ile. "Mke wa mwanangu, njoo utazame ukuta!" Ukuta una masizi. Mstari mweusi hadi darini. Akasema mafuta ya haradali ndiyo ya kupikia wanja, huyageuzi ya kumwashia Mungu. Samli haitoi masizi. Samli ni safi tangu dunia ianze. Ndiyo maana miungu wanaila.

Nikasimama na kitambaa mkononi. Samli haitoi masizi.

Gari letu ni la dizeli. Dizeli ni mafuta tu. Kaka yangu, aliyesoma kemia mpaka akafukuzwa, alishaniambia kuna nchi magari ya dizeli yanakunywa mafuta yaliyokaangiwa viazi, na moshi wake hauumi macho. Sasa kama mafuta ya viazi yanafaa, samli je? Gesi imepewa stika kwa sababu ni safi. Basi gari la samli lipewe stika mbili!

Nimempigia kaka. Akasema inawezekana, ila mafuta ya kupikia lazima kwanza yatolewe uto mzito kwa dawa, na akaanza kutaja majina ya dawa. Nikamwambia simu inakatika.

Mafuta ya nazi darini. Kisha sijamaliza kuchana nywele yakaganda tena.

Ijumaa, 8 Januari

Nimekwenda kwa Mzee Banwari, mpika vitamu wa pembeni mwa soko. Msimu wa harusi umemwachia madebe ya mafuta yaliyokwishakaangiwa. Debe moja la haradali, lililotoka kwenye bajia. Matatu ya samli, yaliyotoka kwenye jalebi, zile pete za kukaanga zilizolowa shira.

Nikamwambia nataka samli. Akanitazama. Akasema, "Binti, chukua haya ya bajia, ni mepesi. Samli iliyotumika utaifanyia nini, utaoga?" Nikasema ni kwa ajili ya usafi. Akasema samli ya usafi ndiyo kwanza anaisikia leo. Akanipa madebe yote matatu bure, na jalebi nne za Kannu kwa huruma.

Mzee wa watu. Biashara hiyo miaka arobaini na bado hajui usafi ni nini.

Baba Kannu aliyakuta madebe bafuni. Nikamweleza yote, pamoja na taa. Aliyahesabu madebe. Ni karani wa ghala la vitabu, amezoea kuhesabu. Akauliza kama treni ya mjini imeharibika. Nikasema angalia kifua cha mwanao. Akasema sawa. Yeye akitaka amani husema sawa.

Jumamosi, 9 Januari

Siku ya namba witiri. Gari halali. Siku ya kujaribu!

Nimechemsha samli. Nimeichuja kwa kanga ya Kannu ya uchanga wake, mara tatu, hadi makombo ya jalebi yakaisha. Nikaichanganya ikiwa bado ya moto, nusu kwa nusu na dizeli. Baba Kannu akamimina, mama mkwe juu ya kibaraza akitaja majina ya Mungu. Samli inaingia kwenye gari! Alisema marehemu mume wake alikula mkate mkavu ili watoto waipate.

Gari likawaka!

Likanguruma. Likanuka kama ndoa ya tajiri. Mbwa watatu wakatufuata hadi barabara kubwa.

Tukaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kupimia moshi, injini ikiwa ya moto. Fundi akachomeka mrija wake, akatazama namba, akaugonga mtambo, akatazama tena. Akasema moshi umepungua karibu nusu. Akauliza tumefanya nini. Nikamwambia samli. Akachukua kiti akakaa.

Cheti ametoa. Stika amekataa! Nimebishana naye mpaka Kannu akaweka mikono masikioni. Nikamwuliza gari hili ni safi au si safi. Akasema ni safi. Nikauliza basi. Akasema, "Dada, fomu ina sehemu ya gesi. Sehemu ya samli haipo. Mimi nifanye nini, nichore?"

Nichore! Asante, fundi. Hata yeye hajui alichonipa.

Jumatatu, 11 Januari

Nimechora. Karatasi ya buluu ya kufunikia madaftari. Nimekata mviringo kama wa stika ya gesi. Katikati taa ya udongo, inawaka. Chini nimeandika SAMLI kwa herufi kubwa. Sijadanganya mtu. Sijaandika gesi. Gari ni la samli, stika inasema samli. Anayetaka ukweli zaidi ya huo aende hekaluni.

Mama Tanmay ameiona. Kauliza hirizi hiyo ni ya mganga gani. Tena kasema, "Nafasi bado ipo, shoga." Haya mambo ya kuning'ang'ania! Nikasema asante, gari letu ni safi kuliko lako. Ilinitoka. Akacheka tu, akampa Tanmay chungwa, akampa na Kannu nusu.

Lile chungwa limenikera mpaka sasa.

Jumatano, 13 Januari

Kesho.

Nimepiga pasi shati jeupe mara mbili. Vyeti vimo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umo ndani ya mfuko. Baba Kannu ametia tanki samli yote ya debe la pili. Nilitaka gari lishibe.

Jioni majirani wamewasha moto wa Lohri uani. Mama Tanmay ndiye bingwa wa sikukuu hiyo. Bisi, karanga, ngoma, wote wanazunguka moto. Kuni mbichi! Moshi ulipanda hadi kwetu kama mgeni aliyealikwa. Kannu akaanza. Filimbi.

Nimemfungia chumbani, nimemwekea mashine ya mvuke, nimemkalisha mapajani. Hapendi ile barakoa. Amelia, nimeishikilia. Nimemwambia mwanangu lia ukitaka, lakini hii haitoki. Nimehesabu pumzi zake. Arobaini na mbili kwa dakika. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Chini uani ngoma inalia. Thelathini na mbili.

Hapo nikawaza. Mji mzima umeacha magari nyumbani ili mtoto kama huyu apumue. Na mama yake wiki nzima anahangaika kuongeza gari moja barabarani. Wazo hilo likasimama mlangoni. Thelathini. Likaondoka. Letu halitoi masizi.

Amelala. Baridi kali, kioo cha dirisha kimetoka jasho. Chupa ya mafuta ya nazi nyeupe kama jiwe. Nimesahau kuianua darini.

Alhamisi, 14 Januari

Nikae nianzie wapi.

Tuliondoka saa nne kasoro robo. Ukungu. Gari liliwaka kwa shida, likakohoa kuliko Kannu. Tukafika daraja la Yamuna, likaanza kuishiwa nguvu. Baba Kannu anakanyaga, gari linafikiri. Tukalimaliza daraja. Tukafika kwenye njia panda ya taa, pale askari wa namba walipojaa. Likazimika. Mbele yao! Katikati kabisa!

Binti mmoja wa kujitolea, amevaa fulana ya manjano, akaja dirishani na ua waridi. Nikalipokea. Nikamwambia asante, nimeona mnatambua juhudi. Baba Kannu akaniambia kwa meno yaliyofungwa kwamba maua ni ya wanaovunja sheria, wapewe waone haya. Kannu akaomba la pili. Akapewa.

Askari akaja. Masharubu, kitambaa puani. Akauliza stika hii ni ya nini. Nikasema ya samli, afande. Akauliza ya nini? Samli. Akazunguka nyuma akainama, akarudi. Akasema, "Dada, gari lako linanuka harusi." Nikamtolea cheti cha moshi. Akakisoma chote. Akasema cheti kizuri, namba ya gari mbaya.

Baba Kannu, mtu asiyebishana hata na mwuza nyanya, akasema afande, sheria inakataza kuendesha, na hili haliendeshwi, limekufa. Askari akafikiri. Akasema, "Kweli. Leo Delhi nzima hakuna gari safi kama hili. Lisukumeni pembeni liendelee kusafisha hewa."

Tukasukuma. Mimi na sari yangu ya hariri! Kannu ndani ya gari na maua mawili. Saa nne na dakika ishirini na tano. Bajaji zote zimejaa. Niliona jina la Kannu linaitwa ukumbini, mara moja, mara mbili, na kimya.

Breki zikalia. Gari lenye stika ya gesi.

Mama Tanmay kwenye usukani, mumewe kando, Tanmay nyuma. Hakuuliza kitu. Hakucheka. Akasema, "Panda, Mama Kannu, utaeleza siku nyingine." Mumewe akampakata Tanmay, sisi watatu tukajibana nyuma. Gari linanuka petroli tupu. Sikusema. Niliwaza tu.

Tulifika langoni saa tano na dakika nne. Nikakimbia na Kannu mgongoni. Wanaita majina. Kaitwa mara moja, niko kwenye ngazi. Kaitwa mara ya pili, nikapiga kelele YUPO! kwa sauti iliyomfanya mwalimu mkuu aangushe kalamu. Nikampa yale maua mawili. Sikuwa na la kufanya nayo.

Karatasi zikatiwa kwenye chupa ya achari. Mtoto mmoja wa shule akafumba macho akachomoa moja moja. Ya nane, Kannu! Nikakaa chini sakafuni. Ya tisa mwingine. Ya kumi mwingine. Ya kumi na moja mwingine.

Halafu wakachomoa ya akiba ya kwanza. Tanmay.

Ya akiba. Kama mmoja kati ya wale kumi na mmoja asingekuwepo, kiti kingekuwa chake. Kama mama yake angekanyaga mafuta pale njia panda, akatazama mbele.

Alimshika Kannu shavu. Akasema hongera, mwanangu, usome. Akatupakia tena kuturudisha. Njia nzima Tanmay na Kannu waligombania dirisha.

Kannu hakukohoa hata mara moja siku nzima.

Ijumaa, 15 Januari

Fundi wa magari amelivuta gari hadi gereji yake. Akafungua chujio la mafuta, akaniita nije nione. Ndani jeupe, gumu, limejaa hadi juu. Akalichokonoa kwa kidole. "Dada, hili ni chujio au sahani ya halua?" Mafundi wote wakaja kutazama. Mmoja akalinusa akasema jalebi. Wamecheka hadi wakakaa.

Samli imeganda kwa baridi. Kwenye tanki, kwenye mirija, kila mahali.

Nyumbani mama mkwe akasema kila asubuhi unaanika mafuta ya nywele juani, macho yako yalikuwa wapi? Nikamwambia yale ni ya nywele. Akamtazama mwanawe. Baba Kannu akaingia bafuni akafungua maji kwa nguvu, lakini nilimsikia akicheka.

Nimepeleka sahani ya kheer, wali mtamu wa maziwa, kwa Mama Tanmay. Nilitaka kusema jambo. Nikasema sukari huenda imezidi. Akasema haijazidi.

Jumapili, 17 Januari

Zile wiki mbili zimeisha. Magari yote yamerudi barabarani, na filimbi ya Kannu nayo, kidogo, leo asubuhi. Nimemwekea mvuke. Amenikubalia bila kulia, ila kwa sharti la kuvaa begi lake jipya. Amekaa na barakoa na begi kama mtu anayesafiri.

Mama Tanmay nimemkuta kwenye ngazi, amekaa, barua mkononi. Shule nyingine imemwita Tanmay. Katikati ya Aprili, wazazi wote wawili, ng'ambo ya mto. Na watu wanasema hesabu ya namba itarudi Aprili hiyo hiyo, na safari hii watapima matanki ya gesi, wenye stika za uongo watanyang'anywa. Alisema anaogopa. Mtu anayenitolea chungwa, anaogopa!

Nikakaa kando yake. Nikamshika mkono. Nikamwambia shoga yangu, usiwaze hata kidogo, deni langu kwako nalijua. Mume wako aliuza gari la dizeli la baba yake? Akasema hajaliuza. Basi. Debe la tatu bado ninalo, halijafunguliwa. Kosa letu lilikuwa Januari. Aprili joto la Delhi linayeyusha lami. Samli itaganda wapi?

Alinitazama sana. Akaniambia treni ya mjini ni dakika ishirini na tano.

Maskini. Hofu imemchanganya.

Nimeshamkatia stika. Safari hii nimechora taa mbili.